Barua kwa binti yangu: timu ya kununua vipuri

Binti yangu,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti wa juzi, ule unaosema wenzako darasani walikucheka ulipowaambia unataka kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye timu ya Haas ya langalanga, yaani Formula One. Eti ile si timu, ni duka: injini ya Ferrari, giaboksi ya Ferrari, chasisi imetengenezwa na Dallara kule Italia, wao kazi yao ni kubandika jina. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mama yako hatuachi tumalize.

Wanalosema kuhusu vipuri ni kweli. Tatizo langu ni kicheko.

Mimi jina la Haas nililijua kwa mashine kabla ya kulijua kwa mbio. Hapa karakana tunayo mashine ya Haas ya kuchongea chuma, ile uliyokuwa ukija kuichungulia kwenye kioo ukiwa mdogo: maji ya kupozea meupe kama maziwa yakirukia mlango, na alumini ikitoka imejisokota. Si mashine ya kifahari. Wapo mafundi wanaoapa kwa za Kijapani na za Kijerumani. Lakini bei yake karakana ndogo inaimudu, na ikigoma utapata wa kuitengeneza. Gene Haas, mwenye kampuni ya mashine hizi na timu hiyo hiyo, alianza mwaka 1983 huko California na kifaa kidogo cha kumgeuzia fundi chuma kinachochongwa, ili asikigeuze kwa mkono. Utajiri wake wote umetoka hapo.

Mwaka 2002 akaanzisha timu ya NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, hapa hapa North Carolina. Miaka ya mwanzo haikushinda chochote kwenye ligi kuu. Na nisikufiche, maana utayasoma mwenyewe: mwaka 2007 alikiri mahakamani kula njama ya kukwepa kodi, akafungwa. Akiwa bado kifungoni, mwaka 2008, Tony Stewart, dereva aliyekuwa ameshakuwa bingwa mara mbili, alikubali kuingia ubia naye nusu kwa nusu. Mwaka 2011 Stewart akachukua ubingwa na gari lao wenyewe, na mwaka 2014 Kevin Harvick akauchukua tena. Kufikia hapo mzee angeweza kutulia hapa Kannapolis, yalipo makao ya timu hiyo, na vikombe vyake.

Badala yake, mwaka huohuo wa 2014, akaomba kibali cha FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, kuingia langalanga. Watu wa huku walishangaa, na walikuwa na sababu. Roger Penske, mwenye timu ambaye hakuna asiyemheshimu hapa, aliwahi kwenda huko miaka ya sabini. Alimpoteza dereva wake Mark Donohue mwaka 1975 baada ya ajali kwenye mazoezi Austria, akashinda mbio moja palepale Austria mwaka uliofuata, kisha akaiacha langalanga. Halafu kulikuwa na ile timu ya US F1 ya hapa Charlotte, iliyopata nafasi ya msimu wa 2010 na haikufikisha gari hata moja uwanjani. Walitaka kutengeneza kila kitu wenyewe, kwa fedha ambazo hawakuwa nazo.

Haas akauliza swali la mtu wa karakana: sheria inanilazimisha kutengeneza nini mwenyewe, na nini naruhusiwa kununua? Sheria ilikuwa na orodha. Umbo la nje linalokata upepo na chasisi lazima viwe mali ya timu, ingawa unaweza kumpa kazi mtengenezaji wa nje. Injini, giaboksi na sehemu kubwa ya saspensheni unaweza kununua kwa mshindani wako. Akanunua kila kilichoruhusiwa. Akachukua jengo la Banbury, Uingereza, lililokuwa la Marussia, timu iliyofilisika, na badala ya kukimbilia msimu wa 2015 akasubiri hadi 2016. Mama lishe halimi mpunga wala hafugi ng'ombe, na hakuna anayemwambia pilau si lake.

Timu mpya zilizoingia langalanga mwaka 2010 zilikuwa tatu. Mbili kati yake, HRT na ile iliyokuja kuitwa Caterham, zilikufa bila kupata pointi hata moja. Haas walipata pointi 8 siku ya kwanza, Melbourne, Australia, dereva wao Romain Grosjean akimaliza wa sita. Bahati ilikuwepo: mbio zilisimamishwa baada ya ajali, wakabadilisha matairi bila kupoteza muda, na ajali yenyewe ilikuwa ya Fernando Alonso, dereva wa timu nyingine, na gari lao lingine. Lakini mbio zilizofuata, Bahrain, Grosjean akawa wa tano.

Sasa nikuambie kuhusu nati, kwa sababu hilo ndilo ningependa ulifikirie kuliko yote. Miaka ile gurudumu la NASCAR lilifungwa kwa nati tano. Zilikuwa zinagundishwa kwenye rimu mapema, fundi anapiga magoti na spana ya upepo, tano zinafungwa kwa pumzi moja. Gari la langalanga lina nati moja tu katikati. Mwaka 2018, Melbourne tena, Haas walikuwa wa nne na wa tano, magari yote mawili, mbele ya timu zenye fedha maradufu. Likaingia la Kevin Magnussen, dereva wao wa pili, kubadilisha matairi: nati ikauma upande, haikukaa kwenye nyuzi zake. Likaruhusiwa kuondoka, likazimwa njiani. Baada ya muda mfupi likaingia la Grosjean: yaleyale. Nilikuwa macho usiku ule na nilitaka kuuma mto. Vipuri vya kununua havikuwa na kosa lolote hapo. Kilichowaangusha ni mazoezi ya mikono, kitu ambacho Ferrari hauzi. Hata hivyo msimu huo walimaliza wa tano kwa pointi 93, na hadi leo hawajawahi kupanda juu ya nafasi hiyo.

Hapo ndipo wenzako wangekuwa na hoja, kama wangeitafuta. Anayekuuzia giaboksi anakuuzia pia mahali saspensheni ya nyuma itakapofungwa, na wewe unalisanifu gari kulizunguka wazo la mwingine. Tena muuzaji yumo kwenye mbio zilezile. Hawezi kukuuzia kitakachomshinda. Mwaka 2021 Haas waliacha kuliboresha gari ili waweke nguvu kwenye la 2022, wakamaliza msimu bila pointi hata moja. Mwaka 2023 walikuwa wa mwisho. Na huku nyumbani ile timu ya NASCAR ilifungwa mwisho wa 2024. Haas akabakiza gari moja tu kwenye ligi kuu. Niliwafahamu watu waliokuwa wakifanya kazi pale, na kilichowapata hakikunifurahisha.

Lakini angalia nani anaendesha Banbury sasa. Ayao Komatsu, Mjapani aliyekuja Uingereza akasoma uhandisi Loughborough, akaanza kama mhandisi wa kawaida, na tangu Januari 2024 ndiye mkuu wa timu. Mwaka wake wa kwanza waliruka kutoka nafasi ya kumi hadi ya saba. Tena mwaka 2025 walimpa Laura Müller kazi ya mhandisi wa mbio wa gari la dereva Esteban Ocon, na hakuna mwanamke aliyewahi kuwa mhandisi wa mbio wa kudumu katika langalanga kabla yake. Kwenye timu kubwa utapewa boliti moja uichore mwaka mzima. Kwenye timu ndogo watu hawatoshi, kwa hiyo utagusa kila kitu.

Peleka maombi. Wakikuita kwenye usaili, usiwaulize habari za madereva. Tangu Oktoba 2024 wana ushirikiano na Toyota, wa usanifu na wa utengenezaji. Waulize ni kipuri gani wanachonunua leo wangetaka wakitengeneze wenyewe kwanza, na kwa nini hicho. Majibu yao niandikie, nitayapeleka karakana tukayabishanie.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Baba yako