Kutoka Nne Hadi Tatu: Harambee ya Chumba cha Presha na Mazoezi, Umoja

Bwana asifiwe, wapendwa.

Tangu mwezi wa tatu kengele ya kanisa letu inapigwa na vijana wa shule ya Jumapili kwa zamu, na mtaa mzima wa Umoja, hapa Nairobi, unajua. Inalia kama mtu anayegonga sufuria kuita kuku. Aliyeipiga kwa miaka kumi na tisa hakuhama, wala hakukosana na mchungaji. Mkono wake wa kulia haushiki kamba.

Ameturuhusu tusimulie yaliyompata kwa sharti moja: jina lake lisitajwe na picha yake isiwekwe kwenye kadi za mchango. Basi hapa ataitwa Baba Kengele, na wanaomjua watamjua.

Yalianzia kwa kinyozi, Jumamosi. Kikombe cha chai kilimponyoka, mkono wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakamtoka mazito kama ya mlevi. Baada ya dakika ishirini hivi yote yakapita. Kesho yake alipiga kengele kama kawaida, akatuambia shetani alijaribu kumnyang'anya kamba akashindwa. Tulicheka. Mimi pia nilicheka, na mimi ndiye katibu wa kamati ya afya ya kanisa, niliyehudhuria semina mbili na kupewa vyeti.

Kile kilikuwa kiharusi cha kupita. Bonge la damu iliyoganda huziba mshipa wa ubongo kwa muda mfupi, kisha huyeyuka au husogea, na mtu anarudi kuwa mzima kabisa. Hapo ndipo anapodanganyika, kwa sababu hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika saa 48 zinazofuata, na haiishi upesi. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama tayari anacheka na kinyozi. Baba Kengele alibahatika kupewa siku kumi na moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyezitumia.

Siku ya kumi na mbili mkewe aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri akamkuta amelegea upande wote wa kulia, mdomo umepinda, anatoa sauti zisizo na maneno. Ubongo wa kushoto ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaobeba lugha pia, kwa hiyo vyote viliondoka pamoja. Hospitalini tulielezwa jambo ambalo nataka kila nyumba ilijue: saa haihesabiwi tangu mgonjwa alipokutwa hivyo, inahesabiwa tangu alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Kwake ilikuwa saa tatu usiku, alipozima taa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Kwa hesabu hiyo alikuwa amechelewa kabla mkewe hajafungua macho.

Nasi tukaongeza kuchelewa. Jirani alileta mafuta ya kuchua. Mwingine alileta juisi ya kumtia nguvu, ikampalia hadi tukaogopa. Mwingine alisema ni upepo mbaya, akataka tungoje mzee fulani kutoka Kayole. Tuliomba pia, na sijutii maombi, ninajuta kwamba hatukuomba tukiwa ndani ya gari. Tulitoka nyumbani saa tatu asubuhi, Jogoo Road ikatushika, hospitali ya kwanza tuliyofika haikuwa na mashine ya CT inayofanya kazi, ile ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, na picha yenyewe ikapatikana siku ya pili.

Daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria mwaka 2006 kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Foleni ya Jogoo Road mnaijua. Pigeni hesabu wenyewe.

Picha ile ya CT si anasa. Kiharusi ni cha aina mbili: cha mshipa kuziba, kama cha Baba Kengele, na cha mshipa kupasuka. Kwa macho vinaweza kufanana kabisa, na tiba ya kimoja inaweza kuua mwenye kingine. Ndiyo maana nawasihi: usimpe mtu aspirini nyumbani kwa sababu ulisikia inayeyusha damu. Usimpe maji, juisi wala uji, maana koo nalo linaweza kuwa limepooza, na kinachoingia mapafuni huleta nimonia, ambayo huua wagonjwa wengi waliokwisha kukiponea kiharusi chenyewe. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme jina la mtaa wake. Uso ukipinda, mkono mmoja ukishuka au maneno yakivurugika, tazama saa, kumbuka aliyemwona mzima mara ya mwisho, tafuta gari.

Sasa kuhusu nne na tatu.

Madaktari wana kipimo cha kueleza mtu amebaki vipi baada ya kiharusi. Kinaanzia 0, ambaye hana dalili yoyote, hadi 6, ambaye ametutoka. Aliye 5 yuko kitandani na anahitaji kuangaliwa usiku na mchana. Aliye 4 hawezi kutembea wala kujisaidia bila mtu. Aliye 3 anahitaji msaada wa hapa na pale lakini anatembea bila kushikwa na mtu. Aliye 2 anajisimamia mwenyewe, ingawa hafanyi yote aliyokuwa akifanya.

Baba Kengele alirudi nyumbani akiwa 4. Binti yake alifunga kibanda chake cha mitumba Gikomba ili amwinue, amwogeshe, amgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Familia ilikuwa na pesa za fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mara sita tu, zikaisha. Kuna mama mmoja wa ibada ya pili, fizio mstaafu, ambaye alianza kumpitia bure kila Jumanne baada ya soko. Alimsimamisha akishikilia meza ya jikoni. Alimwekea maharagwe kwenye bakuli ayahamishe moja moja kwa mkono mbovu, na siku za kwanza haragwe moja lilichukua muda wa wimbo mzima wa tenzi. Seli zilizokufa hazirudi. Lakini zilizo hai zinaweza kufundishwa kazi ya zilizokufa, kwa kurudia na kurudia, na miezi mitatu ya kwanza ndiyo hushika upesi zaidi. Maji yaliyomwagika hayazoleki, ila mtungini mlikuwa mmebaki maji.

Mwezi wa nane alitoka mlangoni na fimbo, peke yake, hadi kwa kinyozi yuleyule. Amekuwa 3. Binti yake amerudi Gikomba siku tatu kwa wiki, na mtoto wa darasa la saba wa nyumba hiyo amelipiwa karo iliyokuwa imelala. Namba moja tu imebadilika kwenye karatasi ya daktari.

Lipo pia jambo ambalo hatukuliona. Kwa miezi miwili alikuwa kimya, tukadhani ni ulimi. Kumbe lilikuwa ni huzuni. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia katika sonona, na aliyeingia huko hana nguvu ya kuhamisha maharagwe. Yeye alitibiwa. Wengine mitaani kwetu huambiwa wamekata tamaa na imani imewapungukia, na mimi nimewahi kumwambia mtu hivyo.

Harambee zetu, tuseme ukweli, huja zikiwa zimechelewa. Tunachangia bili wakati mgonjwa amezuiliwa wodini, tunachangia jeneza na basi la kwenda nyumbani. Tunatoa, na tunatoa vizuri. Safari hii kamati inaomba pesa za kabla na za baada.

Za kabla ni presha. Utafiti mkubwa uliohusisha nchi 32 na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mambo kumi ambayo mtu anaweza kuyarekebisha yanabeba takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi duniani, na presha ya juu ndiyo iliyoongoza. Mengine mnayasikia kila siku: sukari, sigara, pombe, mafuta ya damu, kitambi, kukaa tu, msongo, ulaji. La moyo halisemwi sana. Moyo ukidunda bila mpangilio, damu hutuama ndani yake na kuganda, kisha bonge hupanda kichwani. Hata vijana hawajapona hapo, maana mtoto asiyetibiwa vidonda vya koo anaweza kukua na vali za moyo zilizoharibika. Mwenye selimundu (sickle cell) naye anaweza kupata kiharusi akiwa bado mtoto.

Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa hata siku moja. Baba Kengele alikuwa amepimwa. Alipewa dawa miaka minne iliyopita, akazinywa zikaisha, akajisikia vizuri, akaacha. Presha haiumi, kwa hiyo mtu hajui anachokiacha. Na chumvi yetu nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote vya siku. Kile kilima cha chumvi kando ya nyama choma mnakijua. Sisemi zaidi, mimi mwenyewe nakula pale.

Tunachotaka kufanya ni kugeuza stoo ya viti nyuma ya kanisa kuwa chumba. Jumatano na Jumapili, yeyote, wa kanisa au wa msikiti au wa baa, anaingia, anaketi dakika tano bila kuongea, anapimwa presha, anaandikwa kwenye kadi. Aliye juu ya 140/90 anarudi kupimwa tena siku nyingine, na ikibaki juu tunampeleka kliniki. Kisha mtu wa kamati atampigia simu kila mwezi kumuuliza swali moja: dawa ziko? Hilo la simu ni mawazo ya Baba Kengele mwenyewe, na anataka kazi hiyo apewe yeye. Maneno yake bado ni ya polepole, lakini nani atamkatia simu?

Mashine nne za kupimia mkono juu ya kiwiko, zenye vitambaa vya saizi mbili, ni shilingi 30,000. Tumekataa zile za kifundo cha mkono, ni rahisi lakini si za kuaminika sana. Kadi, daftari na betri ni 12,000. Vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kutembea vitachomelewa na mafundi wa jua kali Kamukunji, na pamoja na magodoro, fimbo na viti viwili vya magurudumu jumla yake ni 95,000. Fungu kubwa ni la fizio: siku mbili kwa wiki, 3,000 kwa siku, wiki 50, yaani 300,000. Mama yetu mstaafu alitaka aendelee bure. Tumekataa. Magoti yake yana miaka sitini na saba, na kazi ya watu hulipwa. Mwisho ni mfuko wa dharura wa 150,000, wagonjwa 15 kwa 10,000 kila mmoja, ili gari na picha ya CT visingoje ndugu wapigiane simu.

Zote ni 587,000. Kwaya, akina mama na watu wa boda boda wa steji yetu wamekwisha kuleta 118,400, kwa hiyo zimebaki 468,600. Shilingi 3,000 ni siku moja ya fizio, na siku moja si kidogo: ni wagonjwa wanane au tisa wakisimama kwenye vyuma. Asiye na pesa na alete saruji, rangi, au nguvu zake Jumamosi tunapotoa viti.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, baada ya ibada ya pili, ikiwa karibu na tarehe 29, Siku ya Kiharusi Duniani. Hatujaalika mwanasiasa. Akija atakaribishwa, atapimwa presha kama wengine, na maikrofoni itabaki kwa mchungaji. Kutakuwa na mnada wa kuku, ndizi na vitenge. Namba ya Paybill imeandikwa kwenye kadi ya mchango na ubaoni mlangoni mwa kanisa. Msitume pesa kwa namba ya mtu binafsi inayosambazwa WhatsApp, hata ikija na picha ya kanisa letu. Walio ng'ambo wawasiliane na mweka hazina kupitia jamaa zao hapa. Hesabu zitabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi, risiti kwa risiti, na atakayeona tumekosea aseme hadharani.

Njooni mapema mpimwe kabla ya kula. Kengele italia saa nne kamili asubuhi. Vijana wamekwisha kuhamisha kamba upande wa kushoto na kuifunga fundo kubwa mwishoni, na Baba Kengele ameanza mazoezi kwa siri jioni, ingawa mtaa mzima unamsikia.