Mama mkwe kamchokoa mtoto sikio kwa chupio, radhi niombe mimi?

Shangazi, shikamoo.

Usiku kucha sijalala. Mtoto akijigeuza tu, naamka kumpapasa sikio nione kama linatoa usaha.

Alikuwa anachambua maharage na bibi yake, mimi niko kazini, haragwe moja likaingia sikioni. Sawa, watoto ndivyo walivyo, hapo simlaumu mtu. Lakini chupio la nini? Simu si anayo? Alimlaza mapajani akachokoa, lilipozidi kuzama akamimina maji ya uvuguvugu ati litoke. Haragwe, Shangazi! Si tunayaloweka usiku ili yavimbe? Likavimba humo humo, mtoto analia mpaka anatapika. Daktari wa masikio alishindwa kulitoa akiwa macho, ikabidi apewe dawa ya usingizi ndipo likavutwa kwa kindoano. Akasema mafuta ya kula hutiwa mdudu akiwa hai, ili afe. Maharage hayatiwi maji wala mafuta, na sikio halichokolewi kabisa. Ngoma ya sikio imechanika kidogo. Itaziba yenyewe, ila maji yasiingie.

Niliyasema hayo hayo nyumbani, tena kwa adabu, wala sikupaza sauti kama wanavyodai. Mama akajibu, "Nimelea saba, hakuna kiziwi." Mume wangu kimya. Tulipoingia chumbani ndipo akanigeukia: nimemvunjia mama yake heshima mbele ya mawifi, nikaombe radhi. Sikio lililochanwa ni la mwanangu, radhi niombe mimi?

Mama si mtu mbaya. Ndiye aliyenikanda nilipojifungua, na mtoto bila bibi yake hali. Sitaki aondoke. Ila leo alfajiri nimemwona anafunga begi, nikanyamaza, na moyoni nikaona afadhali.

Jumatatu ruhusa yangu inaisha na msichana wa kazi sina. Daktari alisema ingekuwa betri ile ndogo ya duara, ndani ya saa chache ingemuunguza. Je, mtoto akitia kitu kingine, bibi atanipigia au atachukua chupio? Naweza kweli kumwachia tena? Na nikiomba radhi, si nitakuwa nimekubali kwamba alifanya sawa? Mume wangu anasema ni neno moja tu, nilitamke yaishe. Kwake ni rahisi, hakuwa yeye aliyemshika mtoto mikono pale kwa daktari.

Nijibu kabla ya Jumatatu, Shangazi. Lakini tafadhali usiniambie nikaombe radhi.

Mama D., Morogoro