Mkubwa wangu anataka niandike kwamba nusu ya wafanyakazi wataondoka

Mshauri,

Salaam kutoka Tudor. Mimi ni mhasibu katika kampuni yenye maghala yake Shimanzi, na hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Jina la kampuni naliweka kando, na tarakimu nimezigeuza kidogo nisijulikane, ila uwiano wake ni ule ule. Tunakaribia kufunga hesabu za mwaka, na kuna karatasi moja mezani kwangu inayosubiri sahihi yangu.

Jambo lenyewe ni hisa za wafanyakazi. Januari ya mwaka jana kampuni iliwaahidi wafanyakazi wa kawaida, kuanzia makarani hadi madereva wa foklifti, hisa 600,000 za bure kwa sharti moja: mtu awe bado kazini mwisho wa mwaka wa tatu. Ukiacha kazi kabla ya hapo, zako zimekwenda. Siku ya ahadi hisa moja ilikuwa shilingi 27. Tukapunguza humo gawio (mgao wa faida) ambalo mfanyakazi hatalipata katika miaka ya kungoja, tukafikia thamani ya shilingi 24, na wakaguzi wakaridhika. Nami nimo katika mpango huo, nina hisa zangu 2,000. Naomba ulishike hilo, kwa sababu ndilo linaloniziba mdomo.

Leo hisa hiyo ni shilingi 11.

Mkubwa wangu wa idara ya fedha (nitamwita Mzee, maana ndivyo tunavyomwita sote) aliniita ofisini mwake, akageuza kompyuta nione, akaweka kidole kwenye ile 24. "Binti yangu, hii bei iko wapi sokoni? Weka 11." Nikamwambia kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 2, hakituruhusu. Mfanyakazi akiahidiwa hisa zenyewe, thamani inapimwa siku ya ahadi, haiguswi tena, kisha gharama inagawanywa katika miaka anayoitumikia. Kinachorekebishwa kila mwaka ni idadi ya hisa tunazotarajia zitafika mikononi mwa watu. Ukikubaliana na fundi akujengee nyumba umlipe kiwanja cha Mtwapa, kisha viwanja vikashuka bei kabla hajapaua, matofali aliyoyapanga hayajapungua.

Mzee si mjinga, na hoja yake ina mzizi. Wakubwa wana mpango wao wa pembeni ambao hauna hisa ndani yake: watalipwa pesa taslimu kulingana na bei ya hisa 200,000 mwisho wa mwaka huo wa tatu. Hilo ni deni la kampuni, na deni la namna hiyo hupimwa upya kila tunapofunga hesabu. Mwaka jana tulifunga bei ikiwa 21, tukaandika theluthi moja (mwaka mmoja kati ya mitatu), milioni 1.4. Mwaka huu ni theluthi mbili kwa bei ya 11, yaani kama milioni 1.47. Gharama ya mwaka mzima kwa wakubwa ni shilingi 67,000 hivi! Ukiitazama kwa jicho la harakaharaka, utauliza kwa nini ya wakubwa imeshuka na bei, na ya makuli imeganda. Jibu ni kwamba wale wanadai pesa na hawa wanangojea umiliki, lakini jaribu kulieleza hilo mbele ya mtu aliyejifunza uhasibu kabla hujazaliwa.

Akanikumbusha kwamba Wamarekani wenyewe walikuwa hawaandiki gharama za namna hii. Ni kweli. Katika miaka ya 1990 bodi yao ya viwango ilitaka haki wanazopewa wafanyakazi za kununua hisa kwa bei iliyopangwa zitiwe kwenye gharama, makampuni na wanasiasa wakaja juu, na mwaka 1995 ikalegeza: kampuni ikitaka, iseme tu kwenye maelezo ya chini. Lakini ilikuja kashfa ya Enron, kampuni yao iliyoanguka kwa hesabu za uongo, na mwaka 2004 mlango ukafungwa huko kwao na katika viwango vya kimataifa tunavyovifuata sisi Kenya. IFRS 2 inatumika tangu Januari 2005. Nilimwambia hivyo kwa adabu, naye akacheka.

Wazo la pili likawa kufuta mpango wote kabla ya tarehe 31 na kurudisha tuliyokwisha kuyaandika. Hapo pia kanuni imekaa vibaya kwake. Kampuni ikifuta tuzo, gharama iliyobaki haipotei. Inaletwa mbele yote kwa mpigo. Badala ya kuokoa, tungeongeza milioni 4 na ushei mwaka huu huu, na ya nyuma yasirudi. Nilipomwonyesha hesabu hiyo aliniangalia kitambo, akasema, "Wewe unatetea hisa zako."

Mshauri, neno hilo limenikaa kooni. Hisa zangu 2,000 kwa bei ya leo ni shilingi 22,000. Siwezi kuuza jina langu kwa pesa hiyo. Lakini nitamthibitishia nani, na jina langu limo kwenye orodha?

Sasa njoo kwenye karatasi yenyewe, kwa maana hayo mawili ya kwanza yalikuwa mepesi: kitabu kinasema hapana, basi. Hili la tatu kitabu kimeniachia mimi. Idadi ya watakaobaki ni makadirio, na makadirio ni kazi yangu. Mwaka jana tulikadiria asilimia 10 wataondoka kabla ya miaka mitatu, tukaandika gharama ya milioni 4.32. Mwaka huu watu wa rasilimali watu wamenipa majina ya walioacha na mikataba inayoisha, nami nimefika asilimia 15. Hisa 510,000 mara 24, theluthi mbili yake ni milioni 8.16, ukitoa ya mwaka jana, mwaka huu tunaandika milioni 3.84. Mzee anataka niandike asilimia 50. Hapo gharama ya mwaka huu inashuka hadi shilingi 480,000.

Kwa nini tofauti ya milioni 3 na kitu imnyime usingizi? Mwaka jana faida ilikuwa milioni 40. Mwaka huu, kwa hesabu zangu, ni milioni 29. Kampuni iliyoorodheshwa ikiona faida yake itashuka kwa asilimia 25 au zaidi, ni lazima iwatangazie wawekezaji mapema. Kwa makadirio yangu tunatangaza. Kwa ya Mzee tunafika milioni 32 na ushei, tunapita kimya.

Na nusu ya wafanyakazi hawaondoki. Waende wapi, katika Mombasa hii ambayo mtu akipata kazi ya kudumu karibu na bandari anaishika kwa meno? Mwaka ujao ukifika mwisho, kadirio halina kazi tena, inahesabiwa idadi halisi ya waliopata hisa. Kama ni hizo 510,000, gharama tuliyoificha itarudi yote, na mwaka huo mmoja utabeba milioni 7.44. Nilimwambia. Akajibu, "Mwaka ujao mimi nitakuwa nimestaafu."

Tena ananiambia hakuna senti inayotoka kampuni. Sawa, haitoki. Tunaandika gharama upande mmoja na akiba ya wanahisa inaongezeka upande wa pili, jumla ya mtaji haisogei. Ila faida inasogea, na faida ndiyo anayoisoma mnunuzi wa hisa. Mama zetu na shangazi zetu waliopanga foleni mwaka 2008 kununua Safaricom kwa shilingi 5 hawakuwa wanasoma maelezo ya chini.

Ungekuwa ugomvi wa hesabu tu ningeumaliza. Ugumu ni kwamba Mzee ndiye aliyeniingiza kazini nikiwa bado mwanafunzi, na nilipokwama kulipia mitihani ya CPA alitoa mfukoni mwake bila kumwambia mtu. Msiba wa babangu alikaa nasi matanga yote. Nikimpita niende kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, watu watasema nimemla mkono mtu aliyenilisha. Mume wangu anasema nitie sahihi, kampuni si ya baba yangu. Rafiki yangu wa Nairobi anasema nisitie, nimwandikie Mzee barua pepe yenye majina na mikataba yote, aniambie kwa maandishi kwamba anataka 50. Barua hiyo nimeshaiandika. Sijaituma, kwa sababu najua siku nitakapoituma tutakuwa maadui.

Nami ni mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya. Kanuni zetu za maadili zinataja waziwazi shinikizo la mkubwa na maslahi ya mhasibu mwenyewe, na mimi nimepatwa na vyote viwili kwa pamoja.

Kuna na upande wa ghalani. Dereva mmoja wa foklifti hunisimamisha kila nikipita langoni. Barua yake ya tuzo ameitia kwenye plastiki, anaiweka mfuko wa shati, imepinda pembe nne. Anaamini bado ni 27, na ameshamwambia binti yake ajiandikishe chuo cha uuguzi. Bei ya soko si siri, naweza kumwonyesha kwenye simu. Lakini nikianza kuzungumza hisa na watu wa ghalani wakati huu, nikijua faida itakavyokuwa kabla haijatangazwa, naogopa nitateleza niseme lisilofaa.

Basi naomba unisaidie kwa haya. Nikiomba mtu asiye na hisa katika mpango huu ayafanye makadirio badala yangu, nitakuwa nimejisafisha, au nimemtupia mwenzangu moto? Nianze na kamati ya bodi au nimwachie mkaguzi ayagundue mwenyewe, maana mkaguzi mzuri ataomba ile orodha ya rasilimali watu? Na je, ipo njia ya kumwendea Mzee nyumbani kwake, kama mwana kwa mzazi, nimpe nafasi ya kuibadilisha asilimia hiyo mwenyewe kabla sijaituma ile barua pepe? Tunaketi na wakaguzi wiki ijayo.

Mhasibu wa Tudor,
Mombasa