Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safu ya Kipigo

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nabaki kwenye daftari la ziara zetu za majumbani kwa wazee na watoto, maana ndiko tulikopwaya mwaka huu: safu ya "kipigo" ni tupu kurasa kwa kurasa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mzee 1 kati ya 6 hutendewa vibaya ndani ya mwaka, na wanaoumizwa mwili ni kama 2.6 kwa kila 100. Kwa watoto hali ni mbaya zaidi. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya wasichana na wavulana wameshapigwa kabla ya miaka 18. Na mtoto mwenye ulemavu yuko hatarini mara 2 au zaidi kuliko mwenzake asiye na ulemavu. Utupu wa safu yetu basi unatokana na namna tunavyouliza.

"Unanyanyaswa?" ukimuuliza mzee mbele ya mkwe anayempikia uji, utajibiwa "tuko salama." Mmoja wenu atoke na mlezi nje, akaangalie choo au jiko, mwingine abaki na mzee, aulize tendo: umesukumwa? Umefungiwa ndani? Umefungwa kamba? Kwa kiziwi, mkalimani asiwe mtu wa nyumba hiyohiyo.

Alama za kujikwaa hukaa kwenye miundi na viwiko. Za kukamatwa ni alama za vidole zilizovilia damu mkono wa juu, upande wa ndani. Waya uliokunjwa huacha kitanzi. Rangi ya jeraha haitaji siku mtu alipoumia, kwa hiyo acheni kuandika "la juzi". Andikeni mahali lilipo, ukubwa kwa sentimita, na maneno ya aliyeumia alivyoyasema. Ulizeni pia dawa: za kuzuia damu kuganda humfanya mtu avilie damu kirahisi.

Nyumba za kurudia mara kwa mara ni zenye mlezi mmoja asiye na wa kumpokea, zenye pombe, zenye mgonjwa wa kusahau, na zile ambazo mlezi anakula kwa mzee. Tusisahau macho mekundu. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, inajulikana kwa trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, na moshi wa kuni unaongezea. Bibi mwenye macho hayo huitwa mchawi kabla hajaitwa mgonjwa. Kumfikisha kliniki ya macho nako ni kumlinda.

Kosa letu kubwa lilikuwa kumkaripia mlezi palepale. Sisi tunaondoka, mzee anabaki naye. Mpelekeeni habari afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kwa mtoto, pigeni 116. Aliyeumia vibaya atibiwe kwanza, PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe sambamba.

Naomba mkutano upitishe fomu mpya yenye maswali ya tendo, na ziara zote ziwe za watu wawili.