Barua kwa Wazazi na Walezi: Hisabati za Gredi ya 10, Muhula wa Kwanza 2026

Assalaam aleikum, na salamu kwa nyote.

Muhula umekwisha salama, alhamdulillahi, Ramadhani ikiwa ndani yake. Ripoti mnazipokea pamoja na barua hii. Salio la karo limeandikwa chini ya kila ripoti, basi hapa silitaji tena. Nina jambo la hisabati, ambalo limewaleta wengi wenu ofisini tangu Januari.

Wana wenu wa Gredi ya 10 ndio wa kwanza nchini Kenya kuingia sekondari ya juu kwa mtaala mpya. Hisabati ni lazima kwa wote, ila ziko mbili. Mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi unasoma Core Mathematics. Wa sayansi ya jamii na wa sanaa na michezo unasoma Essential Mathematics. Zote mbili zina namba, aljebra, jiometria na takwimu. Core inazama zaidi, na anayeutaka uhandisi wa meli au wa umeme haikwepi.

Mitaani Essential imeshapewa jina: hesabu ya wajinga. Tafadhali neno hilo lisisikike nyumbani. Wala msimlazimishe mtoto Core kwa kuwa mwana wa jirani yuko huko.

Linalonisumbua zaidi ni wale waliokimbia Core kwa woga tu. Kuna wanafunzi wanaoapa kwamba hesabu za sehemu, kama nusu na robo, zimewashinda. Waulize mirathi waliyosoma madrasa: mke mwenye watoto ana thumuni (1/8), mama ana sudusi (1/6). Watakwambia mali igawanywe mafungu 24, mke achukue 3, mama 4. Hiyo 24, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 8 na kwa 6, ndiyo kigawe kidogo cha shirika wanachokiogopa ubaoni! Mtoto wa namna hii akili anayo. Alichokosa ni mazoezi, na pengine subira yetu walimu.

Mkiona AE kwenye ripoti, msigombe. Maana yake anakaribia matarajio. BE ndiyo iliyo chini ya matarajio, na wenye BE tutawaita na wazazi wao.

Kidato cha Tatu na cha Nne, walio kwenye mtaala wa zamani, hawana Core wala Essential. Shuleni kwetu wote wanaandikishwa mtihani mmoja wa hisabati wa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na tangu 2023 alama ya hisabati lazima iingie kwenye gredi ya mwisho, hata kwa anayetaka kusomea sheria. Hivyo masomo ya jioni tumeyagawa kwa mada: aliyekwama kwenye logi (logarithimu) anakaa na wa logi, awe wa kwanza darasani au wa mwisho. Kwenye sehemu ya pili ya karatasi ya mtihani mtahiniwa huchagua maswali 5 kati ya 8, na ajabu ni kwamba watoto wetu wa Lamu, waliolelewa baharini, hulikimbia swali la longitudo na latitudo.

Likizoni nusu saa ya hesabu kwa siku, baada ya madrasa, inatosha.

Anayetaka mwanawe abadilishe mkondo aje naye wiki ya kwanza ya muhula wa pili, amwone mwalimu wa hisabati kabla ya kuja kwangu. Msinipigishie simu na mjomba mwenye cheo. Njooni na daftari la mtoto.

Wenu,
Mwalimu Mkuu