Maskauti wa Arabuko-Sokoke si vibarua wa bure

Mhariri,

Kila Siku ya Mazingira Duniani ikikaribia, sisi tunaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa Kilifi pwani ya Kenya, hupata wageni. Wanakuja na fulana za rangi moja, miche na vipaza sauti, na kabla chakula cha mchana hakijapakuliwa kila aliyesimama kuzungumza huwa ameshasifu "moyo wa kujitolea wa wananchi". Sifa hizo ni za haki. Shida yangu ni kwamba kwa watu wanaoulinda msitu huu mwaka mzima, sifa ndiyo imekuwa mshahara, ndiyo matibabu, ndiyo gambuti za kuvaa. Naomba nafasi gazetini mwako nilisemee hilo.

Asiyekaa huku huenda akadhani kujitolea ni kupanda mti na kupigwa picha. Kazi kubwa ya maskauti wa jamii, yaani wanakijiji wanaolinda msitu kwa kujitolea, ni kutoa mitego ya wawindaji. Wanaingia msituni asubuhi, wanajipanga mstari, mtu na mwenzake wakiachana hatua chache, kisha wanatembea polepole kichakani macho chini. Tanzi hutengenezwa kwa waya wa breki ya baiskeli au waya uliochomolewa kwenye ua wa mtu, likafungwa kwenye kijiti mnyama anapopita. La paa huwekwa usawa wa shingo ya paa. La sange liko karibu kabisa na ardhi, na mtu asiye mzoefu atalikanyaga asilione. Mwindaji huziba kando kwa matawi ili mnyama asibaki na njia nyingine, na mara nyingi ni hayo matawi, yaliyokatwa kwa panga na kuegemezwa, yanayomfichua. Jicho la kuyatambua halifundishwi chuoni. Wenye jicho hilo wengi ni watoto na wajukuu wa wawindaji, na wapo waliowinda wenyewe kabla ya kubadili upande. Mimi huwaamini hao kuliko mtu yeyote mwenye cheti.

Sange ninayemtaja ni yule mwenye nyuma ya rangi ya dhahabu na pua ndefu inayochezacheza. Duniani kote hapatikani ila katika msitu huu na vichaka vichache vya pwani ya Kenya. Paa nunga naye amebaki sehemu za kuhesabika, Zanzibar ikiwa mojawapo. Tanzi halijui yupi ni adimu na yupi wa kawaida.

Msitu wenyewe una takriban kilomita za mraba 420, na hakuna msitu wa pwani uliobaki kama kipande kimoja Afrika Mashariki unaoufikia kwa ukubwa. Serikali haikuutupa. Zipo taasisi nne zinazohusika: Shirika la Huduma za Misitu (KFS), Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI na Makavazi ya Kitaifa. Lakini askari hawawezi kuwa Gede, Jilore na Dida, pande tofauti za msitu, kwa wakati mmoja, na mwenye msumeno anajua zamu zao kuliko wanavyozijua wenyewe. Anachokiogopa ni mama aliyeingia kuokota kuni akasikia mlio, au kijana wa mizinga ya nyuki aliyeona muhugu umeangushwa jana. Wachongaji wa vinyago wameutafuta muhugu miaka mingi, na mbambakofi unatafutwa kwa milango na samani. Habari za mti ulioanguka hufika kijijini kabla hazijafika ofisini.

Hata elimu ya viumbe inawategemea wananchi hawa kuliko inavyokiri. Chukua mnana wa Clarke, ndege mdogo mwenye manjano na meusi ambaye hajapata kuonekana nje ya Kaunti ya Kilifi. Wataalamu walimwandika vitabuni mwaka 1913. Miaka 100 ikapita bila mtu kuandika anapotagia. Mwaka 2013 ndipo alipokutwa akijenga viota kwenye ziwa la msimu huko Dakatcha, kaskazini mwetu, na waliokuwa katika msafara huo pamoja na wataalamu wa ndege ni wanakikundi wa uhifadhi wa huko huko Dakatcha. Miaka michache kabla ya hapo, Dakatcha hiyo hiyo ilikuwa imelengwa kufyekwa maelfu ya ekari ili ipandwe mibono ya kukamua mafuta ya magari. Wenyeji walipinga, ingawa baadhi yao walikuwa wameahidiwa kazi, na mpango ukakwama. Laiti ungepita, pengine tungekuwa na mafuta kidogo ya mibono na viota vya mnana tusingevijua kamwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni wa fulana hawalitaji. Wananchi hawakuzaliwa wakiupenda msitu. Ulitangazwa kuwa mali ya serikali enzi za mkoloni, na kwa wazee wengi ulikuwa ardhi nzuri iliyofungiwa huku watoto wakilala njaa, tena maficho ya ndovu wanaotoka usiku kumaliza mahindi. Katika miaka ya 1990 palikuwa na sauti kubwa, za wanasiasa na za wanakijiji, zikitaka sehemu ya msitu ikatwe watu wagawiwe mashamba. Kilichogeuza mioyo hakikuwa hotuba. Mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo pale Gede, wakulima wakafundishwa kufuga viwavi na kuuza buu, wanaosafirishwa hadi nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Kipepeo mzazi hutoka msituni, na majani anayokula kiwavi ni ya miti ya msituni, kwa hiyo msitu ukifa biashara inakufa. Ikaja asali. Mwaka 2001 ukaja mpango wa ASSETS wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, ambao hutumia mapato ya watalii, yakiwemo ya daraja la mbao linalopita kwenye mikoko ya hori ya Mida, kulipia karo ya sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu. Mzazi ambaye mwanawe anasoma kwa sababu ya mikoko na ndege hahitaji kuhubiriwa.

Ndiyo maana nasema kujitolea nako kunahitaji kulishwa. Kiangazi cha miaka ya karibuni, mvua zilipokosa msimu baada ya msimu, moshi wa tanuri za makaa uliongezeka, na wachomaji hawakutoka mbali. Walikuwa majirani zetu. Mwaka 2020 ndege za abiria ziliposimama na watalii wa Watamu kutoweka, mapato yaliyoufanya msitu uwe na maana kwa mtu wa kawaida yalikatika pia. Maskauti waliendelea kuingia. Niliwaona wakiingia na tumbo tupu.

Na adui yao wa kwanza ni ujirani. Askari wa serikali akimkamata mkata miti leo, kesho anaweza kuhamishiwa Kakamega. Skauti atakutana na ndugu wa aliyekamatwa kisimani, matangani, kwenye harusi ya binamu yake. Ng'ombe wake hulishwa kwenye nyasi zile zile na wanawe wamekaa dawati moja na watoto wa mshtakiwa. Wapo wanaoitwa wasaliti mbele ya wake zao. Wapo wanaoamka wakakuta mizinga yao imepinduliwa. Hili halimo katika ripoti yoyote ya "ushirikishwaji wa jamii", kwa kuwa ripoti huhesabu mitego na miche, na uadui wa matangani hauna safu yake kwenye jedwali.

Sheria je? Sheria ya Misitu ya 2005, na iliyoifuata ya 2016, zilifungua mlango mzuri. Jamii inaunda chama, inasajiliwa, inashiriki kuandaa mpango wa usimamizi, kisha inatia saini mkataba na KFS. Humo inaweza kupewa haki ya kuni, asali, dawa za miti shamba, nyasi na utalii. Ila ukiisoma kwa makini utaona jambo. Wajibu wa chama umeandikwa kwa "atafanya": kulinda msitu, kusaidia utekelezaji wa sheria, kutoa taarifa za uharibifu. Faida zimeandikwa kwa "anaweza kupewa". Basi mwanakijiji anaanza na wajibu siku ya kwanza, na faida anaingoja mezani kwa mtu.

Tazama pia lililotokea Nairobi mwaka 2025, ilipoamriwa kwamba ada zote za kuingia msitu wa Karura zilipwe kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Chama cha marafiki wa msitu huo kililalamika, magazeti yakaandika, nchi nzima ikajua. Karura ni msitu ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwezi Januari 1999, na watu wa mji mkuu wana mawakili, wana nafasi redioni. Sijui nani angeandika lau amri kama hiyo ingewakata miguu waongoza watalii wa Gede, ambao wanaweza kukuonyesha mchana kweupe kibundi wa Sokoke amelala kichakani, ndege wa urefu wa kiganja ambaye wageni hupanda ndege kutoka ng'ambo kuja kumtazama.

Najua jibu litakalotolewa: ukimlipa mtu, si kujitolea tena, na pesa ikiisha naye ataondoka. Hoja hii ina chembe ya ukweli. Tumeona miradi iliyoleta posho za semina, posho zikaisha, na watu wakaisha nazo. Lakini sioni mtu akiwaambia wataalamu waendeshao warsha za uhifadhi hotelini kwamba usafi wa moyo wao utachafuliwa na hundi. Tena maskauti hawajaomba mshahara. Nimekaa kwenye vikao vyao, na wanayoyataka ni madogo kiasi cha kumtia mtu aibu.

Wanataka bima ya ajali. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa anayeuawa na mnyama, lakini kila familia ya Kenya iliyowahi kuifuatilia inajua mwendo wake, na isitoshe haimgusi anayeangukiwa na mti au kukatwa panga na mwizi wa mbao. Wanataka gambuti, kurunzi na kitambulisho chenye muhuri, ili wakikutwa msituni usiku na doria ngeni wasidhaniwe ndio wezi. Wanataka wakipeleka taarifa ya mti uliokatwa, wapewe nambari ya taarifa hiyo na baadaye waambiwe ilivyoishia. Na wanataka kiasi kinachokusanywa malangoni kila mwezi kibandikwe ubaoni pale langoni, kwa Kiswahili, pamoja na sehemu iliyorudi vijijini, iwe kubwa au sufuri.

Bima, gambuti na kurunzi zinaweza kulipiwa na Kaunti ya Kilifi pasipo kungoja Nairobi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kabla ya hapo bunge la kaunti hupitia makadirio na wananchi huitwa kutoa maoni. Kwa kawaida vikao hivyo huzungumzia barabara na zahanati, na msitu hutajwa mtu akikumbuka. Safari hii vyama vya jamii vya msitu vya Gede, Jilore na Sokoke vije pamoja, vikiwa na orodha ya maskauti na bei ya kila kitu kutoka dukani. Wawakilishi wetu wa wadi nao waje wakijua wataulizwa kwa majina.

Mfugaji nyuki,
Dida, Kaunti ya Kilifi