Kito ni mama kijacho

Mpendwa Mwanaisha,

Habari za siku nyingi? Barua yako imenifikia, na pale ulipoeleza kwamba Kito, kenge wako wa savana, anakwangua pembe za kizimba mchana kutwa, nikajua hapo hapo: huyo ni mama kijacho. Kenge aliyeshiba tumbo hutanuka, kisha hunywea. Mwenye mayai huvimba mbavuni kuelekea nyonga, na akijinyoosha kuota joto unaweza kuona vivimbe chini ya ngozi. Usimbonyeze ili uyahesabu.

Unasema haiwezekani kwa kuwa hajawahi kukutana na dume. Inawezekana sana. Jike hutaga hata akiwa peke yake, ingawa mara nyingi mayai hayo huwa hayana kitu. Mara nyingi, si kila mara: mwaka 2006 kenge wa Komodo aitwaye Flora, katika bustani ya wanyama ya Chester huko Uingereza, alitaga mayai yenye watoto ndani na dume hajawahi kumgusa.

Sasa shika hili kuliko yote: udongo. Watu hukimbilia vitamini, kumbe majike wengi wanaofugwa hufa kwa kukosa pa kuchimba. Asipopata mahali panapomridhisha hatagi. Anayabana mayai tumboni siku baada ya siku mpaka yanakwama. Hayo maranda ya mbao uliyomtandikia yatoe. Weka udongo uliochanganywa na mchanga, kina chake sentimita 60 au zaidi. Ukiona natia chumvi, kumbuka kwamba kuna kenge wa Australia, yule mwenye madoa ya manjano, anayechimba karibu mita 3 kwenda chini ndipo atage.

Chota udongo uuminye kiganjani. Ukifungua mkono, ubaki umeshikana bila kuchuruza maji. Chomeka kidole gumba katikati. Tundu lisipobomoka, umepatia. Udongo mkavu humporomokea kila anapochimba, akaacha, akaanza kwingine, mpaka nguvu zikamwishia. Huko chini joto liwe nyuzi 28 hadi 30 hivi. Jiwe lake la kuotea chini ya taa lifike nyuzi 50 na kitu, kenge wa savana ndivyo apendavyo, ila wengi hupima hapo tu wakaridhika, na shimo likabaki baridi.

Chakula mpe kwa wingi maadamu bado anakula: mende, panzi, konokono, panya mzima mara moja moja, na unga wa kalisi wenye vitamini D3. Mayai huchota kalisi mifupani mwake. Ukiona miguu inatetemeka, hilo si la kungoja kesho.

Akikaribia kutaga atagoma kula, atachimba hapa na pale kama anayejaribu, mwisho atapotelea shimoni. Hapo mwache. Usimfukue, usimmulike, usimbebe kuwaonyesha wageni. Nakuonya mapema kwa sababu sikio lako nalijua, nawe ni kenge mwenzake. Akisumbuliwa anaweza kuacha kazi katikati.

La kumpeleka kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo ni hili: anajikamua na hakuna kinachotoka, au ameangusha yai moja mawili ovyo kizimbani, hata ndani ya bakuli la maji, na tumbo bado limejaa, au amelegea tu, macho yameingia ndani. Tafuta daktari anayejua reptilia, apigwe eksirei. Mtu asije akajaribu kumkamua kwa mikono, mayai yatapasukia tumboni.

Akishataga utamtambua bila kuambiwa. Mbavu zitakuwa zimebonyea, ngozi imelegea nyongani, na kiu kubwa. Mpe maji, kisha milo midogo ya karibu karibu. Mayai ukiyatoa usiyageuze. Yatie alama ya penseli juu, uyalaze vile vile ulivyoyakuta. Habari za mashine ya kutotolea tutaongea yakionekana yana uhai, maana kungoja kwenyewe ni kwa miezi.

Kwa leo shughulikia udongo. Chomeka kipimajoto mpaka chini kabisa, kikae usiku kucha, asubuhi uniandikie kimesoma ngapi.

Wako,
Salma